Mdudu wa Ua la Maharage: Tumtambue Kabla ya Kupiga Dawa

Hotuba ya Katibu wa Chama katika Mkutano Mkuu wa kutimiza miaka kumi



Wasemaji waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za kahawa, za malipo, za maghala na za mikopo, nao wamezieleza vizuri kupita tuwezavyo sisi. Ofisi ya Katibu imepewa kazi ya kusema juu ya jambo dogo; dogo kweli kweli, kwa kuwa urefu wake haufikii milimita mbili. Twataka kuzungumza juu ya mdudu akaaye ndani ya ua la maharage.

Huenda wako watakaouliza: Chama cha wakulima wa kahawa kina shughuli gani na maharage? Jibu letu ni kwamba kibanja hakigawanyiki. Chini ya mgomba umesimama mbuni, na chini ya mbuni yametambaa maharage. Kahawa hulipa ada ya shule, lakini ni maharage yanayomlisha yule mwanafunzi. Sahani ya ndizi isiyokuwa na maharage hushibisha tumbo, lakini haijengi mwili wa mtoto. Na tena, nyumba iliyokosa maharage hulazimika kununua maharage. Isipokuwa na fedha, hutafuta mkopo wa haraka, na hapo ndipo butura hupata mlango wa kuingilia: kahawa inauzwa ingali ua mtini, kwa bei ambayo mwenyewe angeona haya kuitaja hadharani. Chama kimepigana na butura tangu siku ya kwanza. Basi adui yeyote afunguaye mlango huo, hata awe mdogo kuliko punje ya ulezi, ni adui wa Chama.

Katika misimu ya karibuni ofisi yetu imepokea malalamiko ya namna moja kutoka pande nyingi. Wanachama wasema kwamba maharage huota vizuri, hukua vizuri, hutoa vitumba vya maua kwa wingi, kisha maua hupukutika. Machache yanayosalia hutoa maganda yaliyojikunja kama ndoana, yenye makovu, na ndani yake mna punje mbili au tatu tu. Wako wanaoilaumu mvua. Wako wanaoilaumu mbegu. Wako pia wanaolaumu jicho la jirani, na maneno ya namna hiyo yamekwisha kutia chuki kati ya nyumba zilizokuwa zikiazimana majembe. Wengi wao humaliza barua zao kwa ombi moja: Tuleteeni dawa ya maua.

Ndugu Wanachama, ombi hilo tumelifikiri sana. Neno tulilokuja kusema leo ni fupi, nalo ni hili: tusinunue dawa ya mdudu ambaye hatujamwona. Kwanza tumtazame, tumjue jina, tujue alalapo na ajapo. Kisha ndipo tuamue kama yafaa kumpiga dawa, na lini.

Mdudu tunayemshuku kwa jamii yake huitwa thripsi. Wengine humwita chawa wa maua, na jina hilo lamfaa, maana methali yasema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Wataalamu wamekwisha kuandika habari za aina zaidi ya 6,000 za thripsi duniani. Jina la kundi lao katika lugha ya kitaalamu limetokana na Kigiriki, na maana yake ni mabawa yenye matamvua. Kwani bawa la thripsi ni kama ufito mwembamba uliozungukwa na nywele ndefu, mfano wa unyoya wa ndege. Kinywa chake nacho ni cha ajabu. Wadudu wengi watafunao wana taya mbili, lakini thripsi amebakiwa na taya moja tu, ile ya kushoto, ambayo huitumia kama sindano. Hutoboa ngozi ya mmea, kisha hufyonza maji yaliyomo. Mahali palipofyonzwa hubaki patupu, pakajaa hewa, ndiyo maana huonekana pameng'aa kama fedha, na baadaye hugeuka rangi ya kahawia.

Si thripsi wote walio waharibifu. Wako wanaokula ukungu tu katika majani makavu, na wako hata wanaokula wadudu wenzao, na hao ni rafiki zetu. Katika wale waharibifu, kila mmoja ana makao na desturi zake. Yuko thripsi wa vitunguu, ambaye jina lake la kitaalamu ni Thrips tabaci. Hujificha katikati ya majani ya kitunguu na kuyapaka weupe. Yuko thripsi wa kahawa, Diarthrothrips coffeae, ambaye husumbua mibuni ya arabika huko Kenya na Kilimanjaro, hasa kiangazi kinapokuwa kikali. Yuko pia mgeni aliyetoka magharibi ya Marekani ya Kaskazini, Frankliniella occidentalis, ambaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ameenea duniani pamoja na biashara ya maua na miche. Huyo hushambulia mawaridi na mboga za aina nyingi, hueneza ugonjwa wa virusi katika nyanya, na amekuwa mashuhuri kwa kuzoea dawa hata zikashindwa kumuua.

Lakini mwenyeji wa ua la maharage na la kunde katika Afrika yetu ni mwingine. Jina lake ni Megalurothrips sjostedti. Jina hilo ni refu kuliko mdudu mwenyewe, lakini historia yake ni ya nchi yetu. Katika miaka ya 1905 na 1906 mtaalamu wa Sweden aitwaye Yngve Sjöstedt aliongoza msafara wa kukusanya wadudu na wanyama katika milima ya Kilimanjaro na Meru. Msweden mwenzake, Filip Trybom, aliandika habari za thripsi waliopatikana, na mwaka 1908 akampa mdudu huyu jina kwa heshima ya Sjöstedt. Kwa hiyo yeye si mgeni aliyeletwa juzi na mbegu za msaada, kama tulivyosikia wengine wakisema. Yupo katika sehemu nyingi za Afrika iliyo kusini ya Sahara. Huko Afrika ya Magharibi amekuwa miongoni mwa maadui wakubwa wa kunde, na huko Kenya huwasumbua wakulima wa maharage mateke wanaouza ng'ambo, kwa kuwa ganda lenye kovu hukataliwa sokoni.

Sasa twaomba mtuvumilie tueleze maisha yake, maana mwenye kujua njia ya mwizi hahitaji kulinda nyumba nzima. Jike hutaga mayai yake ndani ya nyama ya mmea, katika vitumba na vikonyo vya maua, si juu yake. Mayai huanguliwa yakawa watoto wasio na mabawa, wenye rangi ya manjano au ya machungwa, ambao hukaa ndani ya kitumba na kula humo pamoja na wazazi wao. Wakiisha kushiba hudondoka chini, wakaingia udongoni, na huko hupumzika bila kula mpaka waote mabawa. Kisha hutoka na kurukia maua mapya. Mzunguko wote huchukua kama wiki mbili hadi tatu, kwa kutegemea joto.

Yatazameni maneno hayo kwa makini, kwani ndani yake mna sababu ya fedha nyingi kupotea. Siku ile mkulima apigapo dawa juu ya maua, mayai yamo ndani ya nyama ya mmea, hayaguswi; wanaopumzika wamo udongoni, hawaguswi; na watoto walio ndani ya kitumba kilichofumbwa hufikiwa kwa shida. Wanaokufa ni wale walio nje. Pamoja nao hufa kunguni wadogo wa maua na vibibi, ambao kazi yao ni kula thripsi. Baada ya siku chache waliokuwa udongoni hutoka, wasiwakute adui zao. Mkulima huona maua yakipukutika tena, akasema dawa ilikuwa hafifu, akarudi dukani kununua iliyo kali zaidi. Hivyo ndivyo mtu awezavyo kupiga dawa mara tatu katika msimu mmoja na asivune.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi wa robusta kuliko wengine. Mbuni wa robusta hauwezi kujizalisha kwa chavua yake wenyewe. Wahitaji chavua ya mbuni mwingine, iletwayo na upepo na nyuki. Mvua zirudipo baada ya kiangazi, mibuni huchanua meupe kibanja kizima, na nyuki huja. Ikiwa wakati huo huo kuna maharage au kunde zinazochanua hapo chini, na mkulima akapiga dawa saa tatu asubuhi, amewaua vibarua wa kahawa yake mwenyewe, ambao hawakumdai hata senti. Wala tusisahau kwamba akina mama huchuma majani ya maharage na ya kunde kwa mboga. Aliyepiga dawa ni mmoja, aliyechuma mboga jioni ni mwingine, na anayekula ni mtoto.

Ndiyo maana twasema, tutazame kwanza. Wala kazi hii haiwashindi watu wa Bukoba na Muleba. Ni nani kati yetu ambaye mtoto wake hawezi kutenga senene na panzi wengine usiku, kwa mwanga wa taa? Macho ya kutambua wadudu tunayo tangu utotoni. Tunachohitaji ni kuyaelekeza mahali padogo zaidi.

Utaratibu tunaopendekeza ni huu. Maharage yaanzapo kutoa vitumba, kabla maua hayajafunguka, mwenye shamba aingie shambani asubuhi. Asisimame ukingoni tu, bali apite katikati, kona hata kona, na achukue vitumba na maua kama ishirini kutoka mashina mbalimbali. Ayakung'ute juu ya karatasi nyeupe. Au alipulizie ua pumzi yake taratibu, kama mtu apulizaye kioo cha miwani, kwani thripsi hawaipendi pumzi, nao hutoka mbio. Kisha afungue vitumba vichache kwa ukucha, aangalie ndani. Akiwa na lenzi ya mkono ya kukuza mara kumi, atawaona vizuri: wakubwa ni weusi au kahawia iliyokoza, wembamba, wamechongoka nyuma, na hukimbia huku wakiinua ncha ya tumbo; watoto ni wa manjano. Ahesabu wangapi, aandike. Baada ya siku nne au tano ahesabu tena. Daftari litamwambia kama wanaongezeka au wanapungua, jambo ambalo hofu haiwezi kumwambia.

Asipoona thripsi, asiwabuni. Maua ya maharage hupukutika kwa sababu nyingi. Jua likiwa kali na udongo ukiwa mkavu, mmea wenyewe huyaacha maua, nayo huanguka bila kovu lolote. Dawa yake ni matandazo na kupanda kwa wakati. Ukiona maua yameshonwa pamoja kwa nyuzi, na ndani mna kiwavi na kinyesi chake, huyo ni kiwavi wa maua na maganda, si thripsi. Ukiona wadudu laini waliosongamana juu ya kikonyo, wasiokimbia, na sisimizi wakipanda na kushuka, hao ni vidukari. Ukiona mbawakavu wakubwa wenye mistari ya njano au nyekundu wakila majani ya ua mchana kweupe, hao wawezekana kuokotwa kwa mkono uliofunikwa, maana majimaji yao hubabua. Na ikiwa miche michanga inakufa na shina limevimba na kupasuka karibu na ardhi, huyo ni inzi wa maharage, naye hana habari na maua. Wadudu hawa watano au sita hawatibiwi kwa chupa moja.

Akiwaona thripsi, bado hajamaliza kazi. Rangi peke yake haitoshi kutoa hukumu. Yuko thripsi mwingine wa maua, Frankliniella schultzei, ambaye ana namna nyeusi na namna ya manjano, na kwa macho mtu aweza kumdhania kuwa ni yule wa maharage. Tofauti hiyo ina maana katika fedha na katika afya, kwani aina nyingine hueneza virusi, na aina nyingine zimekwisha kuzoea dawa. Wataalamu huwatambua kwa kuwapika katika dawa ya kuwang'arisha, kuwalaza juu ya kipande cha kioo, na kuwatazama kwa darubini kubwa. Hapo huhesabu vipingili vya papasi, ambavyo kwa thripsi wa maharage ni vinane. Hutazama bawa la mbele, ambalo kwake ni jeusi lenye sehemu nyeupe karibu na shina lake. Na huangalia mpango wa nywele zilizo kichwani na mgongoni. Kazi hiyo haifanyiki kibanjani, lakini kibanjani ndiko inakoanzia.

Kwa hiyo yafaa tujue kutuma sampuli. Chukua kichupa safi chenye kifuniko, tia spiriti iliyochanganywa na maji kidogo, kisha dondosha thripsi humo kwa ncha ya brashi au ya unyasi uliolowanishwa. Usiwabane kwa vidole, watapondeka. Ndani ya kichupa tia kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli: kijiji, tarehe, zao, na sehemu ya mmea walipopatikana. Twasema penseli, kwa kuwa wino wa kalamu huyeyuka ndani ya spiriti, na sampuli isiyo na maandishi ni sawa na barua isiyo na anwani. Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Maruku ki hapa hapa kwetu, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ina makao yake Ngaramtoni, Arusha. Milango hiyo ni ya wakulima, tuigonge.

Tusidhani kwamba kutambua adui ni anasa ya wasomi. Sisi wa Kagera tumelipia somo hili zaidi ya mara moja. Mwaka 1997 ugonjwa wa mnyauko wa mibuni ya robusta ulitambuliwa mkoani petu; ni ugonjwa wa ukungu unaoingia ndani ya mti, na ulipoonekana katika majani tayari mti ulikuwa umekwisha. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba, ule wa bakteria, ulitambuliwa wilayani Muleba kwa mara ya kwanza katika Tanzania. Tukumbuke jinsi ulivyopunguzwa. Haikupatikana dawa ya kupiga. Bali ilipojulikana kwamba wadudu hubeba bakteria kutoka ua moja la mgomba hadi jingine, na kwamba panga hufanya vivyo hivyo, wakulima walifundishwa kukata ua la kiume kwa mti wenye panda, kusafisha panga kwa moto au kwa dawa ya kufulia, na kuondoa mashina yaliyougua. Mti wenye panda hauna bei. Maarifa ndiyo yaliyoupa kazi.

Historia yetu ina somo jingine pia. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walizipinga kanuni za kahawa zilizoletwa na serikali ya kikoloni, na katika miaka ya 1950 ukazuka ubishi mkali juu ya kanuni za kupambana na fukusi wa migomba. Hatutaki leo kuhukumu kila neno la wakati ule. Twasema tu kwamba kanuni inayomfikia mkulima kama amri, pasipo yeye kuoneshwa kwa macho yake kile anachoambiwa akipige vita, huzaa chuki hata ikiwa ndani yake mna jambo jema. Kwa sababu hiyo hatukuja na amri. Tumekuja na lenzi.

Je, thripsi wakiisha kutambuliwa, na hesabu ikionyesha kwamba wanaongezeka, tufanye nini? Yako mambo yasiyo na gharama. Majirani wapande maharage kwa wakati mmoja, kwani shamba lililochelewa hupokea thripsi wote waliokwisha kumaliza mashamba ya mbele. Maharage yapandwe yakichanganywa na mazao mengine. Uchunguzi uliofanywa Kenya umeonesha kwamba maharage yaliyochanganywa na zao kama mahindi hupata thripsi wachache kuliko yaliyopandwa peke yake, na hapa wazee wetu walikuwa mbele ya vitabu. Tuangalie pia mimea jamii ya kunde inayochanua kandokando: utupa, marejea, mbaazi na kunde zenyewe. Mdudu huyu hupata makao katika maua ya mimea ya jamii hiyo wakati maharage hayapo. Hatusemi ing'olewe, kwa kuwa marejea na utupa hurutubisha udongo. Twasema ile iliyo karibu na maharage ikatwe na kulazwa ardhini kabla haijachanua. Na mvua kubwa ikinyesha mfululizo, tungoje, kwani mvua huwaangusha thripsi wengi kuliko bomba la mgongoni.

Elimu nayo inaendelea. Kituo cha icipe cha Nairobi, kilichoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimefanya kazi ya kutumia ukungu uitwao Metarhizium, ambao huugua thripsi lakini haumdhuru mwanadamu kama zilivyo sumu nyingi. Njia za namna hiyo Chama chetu kitazifuatilia.

Ikiwa hapana budi kupiga dawa, basi iwe dawa iliyoandikishwa kwa maharage, si ile iliyobaki katika pamba wala ile isiyo na karatasi yake. Ipigwe wakati wa vitumba, kabla ya maua kufunguka, na ipigwe jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Apigaye avae nguo za kumfunika, asipige kwa kuelekea upepo, na awaambie watu wa nyumbani ni siku ngapi wasichume mboga wala maganda, kama karatasi ya dawa inavyoagiza. Asirudie dawa ya jamii moja msimu baada ya msimu, maana kwa kufanya hivyo huwafundisha wadudu kuivumilia.

Bwana Mwenyekiti, baada ya maelezo hayo ofisi yaleta mbele ya Mkutano huu mapendekezo manne.

Kwanza, kila chama cha msingi kipewe lenzi za mkono mbili, karatasi nyeupe, vichupa, spiriti na daftari la wadudu, kutoka katika fungu la elimu ya wanachama.

Pili, kila chama cha msingi kichague wakaguzi wawili wa mashamba, na mmoja wao awe mwanamke. Kwani katika nyumba nyingi maharage yamo mikononi mwa akina mama, nao ndio wanaoyaona maua kila siku.

Tatu, ghala la Chama lisitoe kwa mkopo dawa yoyote ya maua ya maharage mpaka mwombaji alete cheti cha mkaguzi kinachosema ni mdudu gani aliyeonekana, na wangapi.

Nne, sampuli zipelekwe Maruku kila msimu, na majibu yasomwe katika mikutano ya vyama vya msingi, yasifungiwe ndani ya kabati la ofisi.

Twajua kwamba pendekezo la tatu litaleta maneno. Wako wanachama watakaosema kwamba Chama kinawanyima dawa wakati wenye maduka barabarani wanaiuza bila ya kuuliza. Na ni kweli vilevile kwamba dawa itakayouzwa na ghala letu itapungua, na faida ya ghala itapungua pamoja nayo. Hatulifichi jambo hilo, na Mhasibu amekwisha kutuonya. Lakini Chama cha ushirika si duka. Mwenye duka akikuuzia usichokihitaji, amepata faida. Chama kikimuuzia mwanachama asichokihitaji, kimejiibia chenyewe, kwa kuwa deni la dawa lisilolipwa na maharage litakuja kulipwa na kahawa. Na kahawa ikiwa imekwisha kwenda butura, deni hilo litabaki katika vitabu vyetu. Heri faida ndogo ya kweli kuliko kubwa ya makaratasi.

Ndugu Wanachama, miaka kumi iliyopita waanzilishi wa Chama hiki walikubaliana kupima kahawa kwa mizani moja, iliyo wazi mbele ya macho ya mwenye mali, ili mtu asipunjwe kwa kukisiwa. Leo twaomba ninyi mkubali kuipima hasara ya maharage kwa namna hiyo hiyo, kwa kuona na kuhesabu. Vitumba vya msimu ujao vitakapotokea, kila mmoja wetu na aingie shambani na karatasi yake nyeupe kabla hajaingia dukani na fedha yake. Mapendekezo manne yako mbele yenu. Twaomba yajadiliwe, na yapigiwe kura leo.